Mkalitusi wa Nyuma ya Nyumba Mbili

Mimi ni mtu wa nyumba. Kuku wa sikukuu kwetu anachinjwa na mke wangu. Mimi nashika mabawa na kuangalia pembeni. Ndiyo maana mwaka ule, mishahara ilipokufa na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa warudi kwao, jirani yangu aliniachia mimi ufunguo wa nyumba yake. Alijua sitatembea nao mbali.

Yeye alizaliwa hapa Kolwezi, sawa na mimi. Alikuwa mkata miti wa kampuni, ile miti ya kuegemeza mashimo ya mgodi. Kabla ya kugusa mti aliuzunguka polepole, akautazama kichwa, kisha akafyeka njia mbili nyuma yake za kukimbilia. Nilikuwa namtania baba mwenzangu toka upande wangu wa ua: "Tata, unaukata ao unauchumbia?"

"Mi niko na vidole kumi," alikuwa anajibu. "Hesabu bidole bya benzangu."

Siku ya ufunguo alinionyesha mkalitusi uliosimama nyuma, katikati ya nyumba zetu. Mchwa walikuwa wamemaliza mzizi. Mvua kubwa ya kwanza ingeulaza juu ya nyumba yake.

"Nilitaka kuuangusha hii juma," alisema. "Sasa banatuondoa. Tafuta mutu mwenye kujua."

Wenye kujua wote walikuwa njiani kwenda stesheni, magodoro kichwani.

Siku ya tatu nilimpelekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kule stesheni. Familia yote ilikaa chini ya turubai, ikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Sikujua mtu anasalimiwa namna gani mahali kama pale. "Habari ya nyumbani" haikufaa. Basi nikauliza habari ya mti.

Akachangamka. Akachora mavumbini kwa kidole: tundu kwanza, upande fulani, halafu mkato wa nyuma, juu kidogo, usiumalize. Mimi nilikuwa namwangalia mke wake, anakunja blanketi moja kwa mara ya tatu, huku nikiitikia ndiyo, ndiyo.

"Umesikia, tata?"

"Nimesikia muzuri."

"Na njia ya kukimbia?"

"Na yenyewe nimesikia."

Utamwambiaje mtu aliyeketi pale arudie somo?

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Musonoi, nilichukua shoka lake. Nisichokisikia nilikijaza kwa akili. Ukimpiga mtu kifuani, anaanguka kwa mgongo. Basi niliupa mgongo ukuta wa jikoni yetu, nikachimba tundu pana upande wa kwetu, ili mti uangukie mashamba ya nyuma.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Uko na hakika?"

"Mi nilisoma."

"Ulisoma Kilatini, tata."

Mti huangukia kule kwenye tundu. Niliuona ukija, bila haraka, kama mgeni anayejua atapokelewa. Nyuma yangu hapakuwa na njia, palikuwa na ukuta. Mke wangu alinivuta kwa kola. Mguu wa kushoto ukachelewa. Paa letu likaingia chumbani. Nyumba ya jirani haikupata hata jani.

Mvua ilinyesha jioni ile ile. Tulikuwa na ufunguo mmoja tu unaofungua mahali pakavu.

Kesho yake mtaani wakaanza: "Yule mupole naye, kumbe alikuwa anangojea nyumba." Mmoja alinipa mkono wa hongera. Hapo ndipo mguu uliponiuma kweli. Nikakata fimbo, nikaenda stesheni kabla treni haijamchukua, asije akasikia kwa wengine kwamba na mimi nimo kati ya wanaonyakua nyumba za waliofukuzwa.

"Nyumba iko?" aliuliza.

"Iko. Hata bati moja halikutikisika."

Akautazama mguu, na vitambaa vyake. "Na nani anaichunga?"

"Sisi bote. Tunaichunga toka ndani. Ya kwetu, muti ndiyo iko ndani."

Mke wake akaacha blanketi. Halafu jirani akafuta mavumbi kwa kiganja mpaka yakawa laini, akasogea kidogo kwenye godoro.

"Ikala chini huku, upande wangu," alisema. "Tuanze tena. Njia ya kukimbia kwanza."