Mkono wa Mama na Mishale Miwili ya Pikapu

Enzi zetu pale Nyegina, gari lilisikika kabla halijaonekana. Magari yalikuwa machache, kila moja tukilijua kwa mlio wake, na la baba yangu tulilijua kuliko yote. Lilikuwa pikapu kuukuu lenye bodi la mbao, likikohoa mlimani na kupiga mluzi mteremkoni. Tukilisikia tuliacha kamba tuliyokuwa tukiruka, tukakimbilia barabarani na vipande vya mihogo ya kuchemsha mikononi. Watoto wa leo gari likipita hawainui hata macho kutoka kwenye simu. Siwalaumu. Magari yao yote yana mlio mmoja.

Baba naye aliendesha kwa masikio, kwa sababu vipimo vyote vya gari vilikuwa vimekufa. Maji yakikaribia kuchemka, au oili ikipungua, injini ilimwambia. Alibeba furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka mwaloni Musoma, akawapeleka Butiama na Bunda, akarudi na mtama, abiria wakiwa juu ya magunia. Samaki wale walinuka mpaka kwenye nywele zetu. Leo ningefurahi kuipata harufu ile.

Kisha akaugua homa. Mwaka siukumbuki. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa darasa la pili. Homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Asubuhi ya kwanza alipopata nguvu aliwasha gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akasimama hivyo muda mrefu. Halafu akazima, akaja kukaa kizingitini bila kutazama mtu. Hatukuwa na kingine cha kutulisha. Shamba letu lilikuwa mawe.

Mama ndiye aliyekwenda mjini kumwita Fundi Saidi, mtu wa gereji karibu na msikiti. Fundi alikuja na geji mbili alizozitoa kwenye lori bovu, moja ya joto la maji, nyingine ya oili. Alitoboa kipande cha bati, akakifunga chini ya dashibodi, akapitisha vipaipu vyembamba vya shaba hadi kwenye injini. Lakini barabara ile ilikuwa mashimo na ng'ombe, na baba asingeweza kuiacha kwa macho. Ilibidi mtu mwingine aitazame mishale. Mama hakujua kusoma, basi fundi akachora mstari mwekundu kwenye kila kioo.

"Mama, mshale huu usipande kupita hapa. Huu nao usishuke hapa. Basi."

"Na nikiona, nimwambie vipi mtu asiyesikia?"

Fundi akacheka. "Si mumeo? Mguse."

Lilikuwa jambo gumu. Enzi zile mke hakumshika mumewe mbele za watu. Lakini mama alipanda mbele, akaweka mkono juu ya goti la baba, na mimi nikiwa juu ya magunia niliuona kupitia kioo cha nyuma. Kofi moja, maji. Akibana, oili. Akivuta kaptura, kuna mtu anashuka. Kulikuwa pia na vidole viwili vilivyogonga polepole, ambavyo hatukuambiwa maana yake. Vikigonga, baba alitabasamu.

Abiria hawakuambiwa kitu. Nani angepanda gari la kiziwi? Wao waliona fahari tu. "Mwenzetu kafunga saa mbili," walisema, "moja yake, moja ya mkewe!" Na mama mmoja muuza kuku hakunyamaza safari nzima: "Wifi, huyu ni mume au ng'ombe wa kulimia? Kila mara unamchapa!"

Siku moja, tukipanda kuelekea Butiama, kuku wa mama huyo alichomoka akaruka chini. Mwenye kuku akagonga paa. Tukagonga wote. Mama yangu alikuwa amekaza macho kwenye mshale wa maji, na baba akaenda tu. Mama alipozinduka akamvuta kaptura, kuku alikuwa keshaingia porini.

"Huyu mtu hasikii!" yule mama akapiga kelele.

Jioni, wakati wa kurudi, hakuna aliyepanda. Baba alishika usukani, akitazama vinywa vya watu. Mama alishuka, akajifunga kanga vizuri.

"Ni kweli hasikii. Mimi nasikia. Anayetaka kutembea, njia ile pale."

Mzee mmoja akajikongoja akapanda magunia. "Mimi nimepandaga na wanaosikia, wakanimwaga mtaroni," akasema. Watu wakacheka, wakapanda. Hata muuza kuku alipanda, akinung'unika.

Hivyo ndivyo tulivyokula na kusoma, hadi mama alipougua tumbo na kufariki, nikimaliza darasa la nne. Baada ya msiba baba alinipandisha mbele. Nilijua alama zote, na zaidi ya mama nilijua namba. Kwenye mlima uleule wa Butiama mshale wa maji ulifika kwenye mstari, nikampiga kofi gotini, sawasawa na alivyofanya mama. Baba akasimama, akaongeza maji. Aliporudi ndani alichukua mkono wangu taratibu, akaurudisha mapajani pangu. Akageuza gari, tukarudi nyumbani. Hakuendesha tena. Aliliuza kwa mtu wa Bunda, ila kwanza alifungua kile kipande cha bati, akakitundika juu ya kitanda chake, mishale yote miwili ikiwa imelala kwenye sifuri. Alikifuta vumbi mpaka alipokufa.

Mjukuu wangu wa Buhare amenunua gari. "Bibi, hii inajisemea yenyewe," aliniambia. Ni kweli, inawasha taa, inalia, inazungumza kwa sauti ya mwanamke. Juzi alinipeleka mazikoni Butiama. Tulipoanza kupanda mlima, mkono wangu ulikwenda wenyewe ukatua gotini kwake, vidole viwili vikagonga.

"Bibi, nisimame?"

"Hapana, baba. Endesha tu."