Nyumba Iliyofunikwa kwa Mkeka

Simu nilitumiwa na binti yangu aliyeko Mwanza, ili niwe naona nyuso za wajukuu. Wajukuu hawapigi. Kwa hiyo nikaanza kupiga picha kuta.

Ukuta wa kwanza ulikuwa wa msikiti wetu, uliokuwa umepakwa rangi mpya. Nilisimama mbele yake, nikasogea, nikarudi nyuma, mpaka nguzo zikawa wima na madirisha yakakaa usawa. Hicho si kipaji. Nimesomesha dini hapa Tabora miaka mingi, na kabla ya kila sala nimekuwa nikiwageukia watu na kuwaomba wanyooshe safu, bega kwa bega. Mtu aliyefanya kazi hiyo muda mrefu hawezi kuvumilia dirisha lililoinama. Tena kuta zina nafuu: ukishazinyoosha, hazisinzii wala hazitoi simu mfukoni.

Picha ile ilizunguka mpaka ikamfikia dalali mmoja wa nyumba, mtu wa makamo mwenye pikipiki na simu tatu, ambaye ofisi yake ni benchi karibu na stendi.

"Shikamoo, maalim. Ile picha ya msikiti umepiga wewe?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Basi Mungu amekuleta. Mimi nikipiga, nyumba zote zinaonekana zimelewa."

Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kazi uzeeni, nikapanda nyuma ya pikipiki. Hivyo ndivyo nilivyoanza kupiga picha nyumba za kuuzwa na kupangishwa, nikiwa na kanzu, bakora na miwani ya kusomea.

Dalali alinifundisha elimu yake, nami nilimsikiliza kwa adabu ileile niliyokaa nayo mbele ya masheikh wangu. Chumba unakipiga ukiwa umejibana kwenye pembe, simu usawa wa kifua. Hapo chumba kinachomtosha mtu na nusu kinageuka ukumbi. Bomba la maji lazima lionekane. Kama maji yanatoka, hilo mpangaji ataligundua mwenyewe. Choo cha nje hakipigwi. Ndoo ziondolewe, hasa zilizokaa katikati ya sebule, kwa sababu mteja akiona ndoo ataangalia juu, na akiangalia juu ataona tundu. Baada ya hapo yeye huandika maneno yake na kuyatuma pamoja na picha kwenye kundi la WhatsApp lenye wateja mpaka wa Dar es Salaam. Mimi pia aliniingiza humo, ili nitume picha moja kwa moja.

"Dakika tano kutoka lami," aliandika kuhusu nyumba moja ya upande wa Isevya. Nilikuwa nimetoka huko kwa miguu, na adhuhuri ilinikuta njiani.

"Dakika tano za nani?" nilimuuliza.

"Za mwenye gari, maalim. Na asiyekutana na ng'ombe."

Nilicheka. Nilicheka mara nyingi mwezi ule. Mtu wa dini akianza kucheka uongo wa mwenzake, hujiambia kwamba yeye hahusiki, kazi yake ni mistari tu. Nami nilijiambia hivyo kila nilipopanda pikipiki.

Asubuhi moja akanipeleka Gongoni, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene za udongo, baraza pana na mlango wa kuchonga. Tangazo alikuwa ameshaliandika: nyumba ya kihistoria, njia ya misafara. Wapagazi waliopita njia hiyo na pembe za ndovu mabegani sidhani kama waliiona mandhari, lakini mnunuzi alikuwa Dar es Salaam, na huko historia ya watu wengine inapendeza sana. Mnunuzi huyo alitaka picha kabla ya saa sita, ili atume malipo ya awali siku hiyohiyo.

Marehemu mwenye nyumba aliacha mjane na watoto wawili wa kiume, wote wako Dar. Wao ndio waliomtuma dalali.

"Mirathi imeshagawanywa?" nilimuuliza, nikishuka kwenye pikipiki.

"Familia wameelewana, maalim."

Jibu hilo nalijua tangu ujana wangu. Familia wameelewana maana yake kuna mmoja hajaambiwa. Lakini jua lilikuwa limekaa vizuri kwenye mlango ule, nikatoa simu.

Mjane mwenyewe alitoka kutupokea, mwanamke mwembamba, umri wake na wangu haupishani sana.

"Mwangaluka," akatusalimia kwa Kinyamwezi, halafu akaongeza, "Karibuni. Wanangu wamenipigia wakaniambia mnakuja."

Pembeni mwa mlango, kwa rangi nyekundu na herufi za kimo cha mkono, ukutani palikuwa pameandikwa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Maneno hayo si mageni. Ukitembea Tabora utayaona kwenye kuta nyingi, na mara nyingi anayeogopwa si mwizi wa mbali. Ni ndugu mwenye nakala ya hati.

"Ya zamani hayo," dalali alisema haraka. "Ya marehemu, mambo ya matapeli. Mama, huna kitu cha kutundika hapa? Picha ipendeze."

Mama aliingia ndani akatoka na mkeka wa ukindu, mpya kabisa, ule ambao mtu huutandika siku ya Idi tu. Aliutoa kwa furaha, akashika ncha moja wakati dalali anagongomea nyingine. Maneno yakafunikwa yote. Nami nilisimama uani na simu yangu, nikanyoosha mistari, nikapiga. Kwa kweli ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mkeka ulikaa sawa na mlango kama umezaliwa hapo.

Sebuleni nilihamisha ndoo mbili kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipomaliza, dalali alikwenda nyuma ya nyumba kuongea na mnunuzi kwa simu, na mama akaniletea chai ya asali ya Sikonge barazani.

"Maalim," akasema, "mabati mtaleta lini?"

"Mabati gani, mama?"

"Si ndiyo picha mnazopiga? Wanangu wamesema mtapiga picha nyumba, mafundi wajue mabati mangapi. Masika hii nimelala nimehamisha kitanda mara tatu."

Niligeuka kuutazama mkeka.

"Marehemu angefurahi kukuona," aliendelea. "Alikuwa anakusikiliza pale msikitini, ulipokuwa unasomesha mirathi. Siku moja alirudi na kopo la rangi. Akaniambia, maalim amesema mke ana thumni yake, fungu moja katika nane, na mali haiguswi kabla kila mtu hajajua fungu lake. Akaandika hapo ukutani. Mimi kusoma sijui, lakini nayajua yalipo. Huwa nayapangusa vumbi."

Sikumbuki kusema maneno hayo kwa uzuri huo. Nakumbuka darasa lile: nusu walikuwa wanasinzia, na wengine walitaka kujua tu kama shangazi anarithi. Mtu mmoja alikuwa amesikiliza. Na mimi nilikuwa nimetoka kulifunika somo langu kwa mkeka wa mjane wake, tena nikahakikisha limefunikwa sawasawa.

Niliweka kikombe chini. Nikashuka barazani, nikaingiza bakora nyuma ya mkeka na kuung'oa. Msumari mmoja ulichana ukingo wake, na hilo linanisumbua mpaka leo. Kisha nikasimama palepale uani, nikapiga tena, maneno yakiwa katikati, yamenyooka. Nikatuma picha hiyo kwenye kundi. Sikuongeza neno lolote.

Kundi halikukawia. Mtu wa kwanza aliuliza, "Mbona imeandikwa haiuzwi?" Wa pili akajibu, "Hiyo ndiyo bei yake." Baada yake vikaja vicheko vingi, na mnunuzi akaandika kwamba ameahirisha mpaka aonane na familia yote, akina mama wakiwemo.

Dalali alitokea nyuma ya nyumba mbio.

"Maalim! Umetuma nini?"

"Nyumba."

"Umeniua, maalim. Futa! Futa haraka, hawajaona wote!"

"Kufuta sijui. Ulinifundisha kutuma tu."

Nilikuwa najua kufuta. Namwomba Mungu anisamehe uongo huo, nao ulikuwa mfupi kuliko dakika zake tano.

Aliwasha pikipiki akaniacha Gongoni, nikarudi kwa miguu. Lakini kabla sijaondoka nilimweleza mama kila kitu, polepole, kama nilivyokuwa nikieleza mafungu darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakuwalaani wanawe. Aliuviringisha mkeka, akaukagua pale ulipochanika, akaniuliza:

"Kwa hiyo mabati hakuna?"

Nilipowaeleza wazee wa msikiti, waliwaita vijana wale, nao wakaja na miwani ya jua. Walisema walitaka kumhamishia mama yao Dar, kwenye chumba chao cha nyuma. Nyumba haikuuzwa. Fungu la mama likatajwa mbele ya watu, na maandishi bado yako ukutani. Nimeyapaka rangi upya mwenyewe.

Dalali alinitoa kwenye kundi lake. Sikitiko langu ni kwamba sasa picha zake zimelewa tena.

Kazi sikuiacha. Kila mvua ikinyesha nakwenda Gongoni, namsalimia mama, nasimama kwenye pembe ya sebule, simu usawa wa kifua kama nilivyofundishwa. Ndoo siziondoi. Siku hizi ziko nne, nami huzipanga safu, nazipiga picha, kisha nawatumia wanawe wote wawili. Mkubwa bado hajajibu. Mdogo hujibu kila mara kwa alama ya mikono miwili ya dua, nami namwitikia amina, kisha namuuliza vipimo vya mabati.

Sina haraka. Alhamdulillahi, masika bado ni mbichi.