Uso wa Mama Hausubiri Kiangazi

Saa kumi na mbili asubuhi, mwandishi anaingia uani kwa Somoe binti Ismaili, anatoa salamu, na hakuna anayeitikia. Somoe amepiga magoti akipanga makuti makavu juu ya vyombo vitatu vya udongo. Hainui kichwa. Bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda kando yake anamtupia mgeni jicho ambalo mgeni hatalisahau upesi.

Anayetokea ni mume wa Somoe, Abeid, mkulima wa mihogo na korosho. Anamshika mwandishi mkono na kumvuta nyuma ya nyumba.

"Hapasalimiwi hapa leo," ananong'ona. "Vyombo vikiingia juani, anayeitikia salamu anavipasua."

Jua analolisema ni moto. Katika kijiji hiki, jirani na Mahurunga, wafinyanzi hawautaji moto kwa jina lake siku ya kuchoma, wala hawataki mwanamume asogee. Kwa hiyo sehemu kubwa ya habari hii, msomaji asishangae, imesikilizwa kutoka nyuma ya ukuta, mwandishi na mwenye nyumba wamechuchumaa bega kwa bega, wote wawili wakiogopa.

Na la kuogopa lipo. Huu ni mwezi wa Machi, mwaka 1953, masika yamekolea, na upande wa mto Ruvuma wingu limekaa jeusi tangu jana. Hakuna mfinyanzi anayechoma wakati huu. Kati ya vyombo vitatu vilivyo chini ya makuti yale, viwili ni vyungu vidogo vya kusindikiza tu, maana hapa chombo hakichomwi peke yake. Cha tatu ni mtungi wenye uso wa mtu.

Mtungi ule ukipasuka, Somoe hatachimba tena udongo wa kijiji maisha yake yote. Hiyo ndiyo hukumu aliyopewa na yule bibi wa kigodani, Bibi Mwaisha, mkuu wa wafinyanzi.

Somoe anakisia umri wake kuwa miaka thelathini na minne. Kiangazi kikiwa kizuri huchoma mitungi thelathini, ambayo huuzwa shilingi moja moja kwa vibarua wanaojenga bandari mpya ya Mtwara. Ndiyo inayowavisha watoto wake wanne, kwa sababu mihogo ya Abeid inaishia tumboni na mikorosho yake bado michanga.

"Mimi nilimwambia angoje Juni," anasema Abeid. "Mwezi wa sita mto uko chini, kuni kavu, hakuna wa kukusema. Nimemwambia mpaka ulimi umeniuma."

Juu ya vichwa vyetu jiko la nyumba hii limebaki mifupa ya fito. Makuti yanayowashwa kule uani ndiyo yaliyokuwa paa lake. Kuni zote kijijini zimelowa, na makuti ya jikoni yalikuwa yamekaushwa na moshi wa miaka mitano. Juzi Somoe alipanda, akayaezua mwenyewe. Abeid anazitazama fito, kisha analitazama wingu.

Kisa kilianza mwezi wa pili, kama Somoe mwenyewe alivyomsimulia mwandishi jana mchana huku akikwangua udongo uliokauka kwenye kucha. Maneno yake yanaandikwa hapa kama alivyoyatamka.

Mdogo wake, Tabu, ameolewa Magomeni, Mtwara mjini. Alikuja kumtembelea akiwa na mimba yake ya kwanza. Walikuwa wanamenya mihogo.

"Akaniuliza, dada, mama alikuwa na uso gani? Yeye mama alimwacha wa kubebwa mgongoni. Hamjui. Mimi nilikuwa ntoto wa miaka kumi na mbili, mimi ndiye ninayemjua. Nikafungua mdomo nimwambie." Somoe alikwangua ukucha mwingine. "Hamna. Nikakumbuka mikono. Nikakumbuka harufu ya tumbaku yake. Uso hamna, umeondoka."

Mama yao amezikwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno, walikotoka. Baba aliwavusha wanawe mara baada ya matanga, na hawajawahi kurudi. Picha hakuna, na baba naye ameshafariki.

"Niliogopa kama ntu aliyepoteza ntoto sokoni. Tabu kalala, mimi niko macho, namtafuta mama."

Siku kumi na moja baada ya Tabu kuondoka, Somoe alikuwa akisonga ugali. Alibonyeza donge kwa kidole gumba ampe mtoto, na pale kidole kilipobonyeza akaona shavu.

"Shavu la mama, hili hapa la kushoto, lenye chale tatu. Halafu likaja jicho. Nikasema Nnungu wangu, huyu anapita, nisipomshika sasa simwoni tena. Ugali nikauacha, ukaungua."

Alichukua kikapu na kipande cha jembe, akateremka mtoni. Mvua ilikuwa inanyesha.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kila mwaka, mvua kubwa ya kwanza ikishapiga, Bibi Mwaisha hufukia kigae kwenye mdomo wa shimo la udongo. Kuanzia siku hiyo shimo limefungwa mpaka yeye mwenyewe akifukue. Atakayechimba kabla, inaaminiwa hapa, atapasukiwa na vyombo, na wenzake wote watapasukiwa pamoja naye mwaka mzima. Kabla ya kuucheka mwiko huo, msomaji akumbuke kwamba wakati wa masika shimo lenyewe limo ndani ya maji, na mwaka juzi mamba alimchukua mwanamke hatua chache kutoka pale.

"Maji yalinifika kiunoni. Nachimba kwa kupapasa. Kitu kikanigusa mguu. Gogo, samaki, sijui, sikuuliza. Nilijikojolea, wallahi. Ndani ya nto nani atajua?" Alicheka, kisha akaificha mikono ndani ya kanga.

Alirudi na kikapu kimoja. Akautwangia udongo wake vigae vya zamani na kuvichanganya humo ili usipasuke, akafunga mlango, na kwa siku mbili akafinyanga. Chale alizichora kwa mwiba wa ndimu. Alimweka mama na ndonya yake, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye tundu la mdomo wa juu, kama alivyoivaa mbele za watu. Ndonya ile ilimtia hofu kuliko vyote, asije akaigonga ikadondoka, kwa hiyo akaifanya nene. Kisha mtungi akaupandisha kwenye uchaga juu ya jiko, moshi uukaushe.

Siri ya mfinyanzi iko kwenye kucha. Wiki haikuisha kabla Bibi Mwaisha hajauona udongo chini ya kucha za Somoe kisimani, akamfuata mpaka ndani.

Hofu zikajipanga mlangoni. Wanaume walinong'ona kwamba kutengeneza uso ni kazi yao, ya vinyago vya ngomani, na mwanamke hana ruhusa nayo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimkumbusha Somoe kwamba siku ya kiyama aliyeumba sura ataambiwa aitie roho, na hataweza.

"Nalala na neno hilo, naamka nalo," alisema Somoe. "Nnungu akiniuliza, nitasema sikutaka roho. Roho unayo wewe. Mimi nilitaka uso tu, nimwonyeshe ndugu yangu."

Bibi Mwaisha hakuwa na mengi. Aliuzungusha mtungi, akaigonga ndonya kwa ukucha, akasema udongo mnene huficha maji. Halafu akatoa hukumu. Utachomwa hadharani, mbele yake, upesi. Ukitoka mzima, mto umeridhia na wenzake hawana neno. Ukipasuka, Somoe atafute kazi nyingine.

Sasa moshi unapanda juu ya ukuta. Nyuma ya nyumba hatuoni kitu, tunasikia makuti yakilia. Abeid ameshika tasbihi lakini shanga haziendi. Mwandishi, ambaye alikuja kutafuta habari ya bei za vyungu, anagundua kwamba kalamu imelowa jasho.

"Chombo kikipasuka hulia," Abeid ananong'ona. "Utasikia."

Tone la kwanza la mvua linaangukia daftari. La pili linaangukia goti la Abeid. Anayatazama matone hayo kwa chuki.

Kisha tunasikia. Paa!

Abeid anafumba macho. Kule uani hakuna anayelia wala kusema, kwani hairuhusiwi. Katika vyombo vitatu kimoja kimekwenda, na hatujui ni kipi. Abeid ananyoosha vidole vitatu, anakunja kimoja, anabaki akivitazama viwili vilivyobaki.

Mvua inakuja nyepesi, inasita, inakuja tena. Mwandishi anajikuta akimwomba Mungu kwa ajili ya mtungi wa mtu aliyekuwa hamjui hadi jana, na haoni aibu kuliandika hilo.

Paa! Huu ni mlio mdogo, mwembamba. Abeid anakunja kidole cha pili na kuinamisha kichwa mpaka paji la uso linagusa magoti.

Tunakaa hivyo mpaka makuti yananyamaza na Bibi Mwaisha anaita kwa sauti kavu, "Wanaume njooni. Salamu zenu zimefika."

Katikati ya majivu chungu kimoja kidogo kimefunguka vipande viwili. Kingine kiko salama. Somoe ameupakata mtungi kwa matambara, bado una joto, na mgongo wake umetugeukia. Abeid anamwita taratibu, "Mama Hamisi." Anamwita tena, ndipo anageuka.

Uso uko pale. Macho yapo, mashavu yapo, chale tatu zimetokeza nyeusi kwenye wekundu wa udongo. Ndonya haipo. Ule unene aliouweka kwa woga ndio uliolia mara ya pili, ukaruka majivuni, na mahali pake kwenye mdomo wa juu pamebaki tundu la kuingia kidole.

Bibi Mwaisha anauchukua mtungi, anaugonga ubavuni na kusikiliza. Anaugonga upande wa pili, halafu chini. Anatia maji kutoka kwenye kata. Yanapanda mpaka mdomoni mwa ule uso, yanatoka kwa tundu, yanatiririka kidevuni. Anamwaga, anatafuta ufa kwa ncha ya ulimi, pole pole, kuzunguka mtungi wote. Hakuna uani anayevuta pumzi.

"Mtungi ni mzima," anasema mwishowe. "Iliyopasuka ni ndonya, na ndonya si mtungi." Anakibeba kigoda chake na kuondoka bila kuaga.

Abeid anakaa chini kwenye tope kama alivyo. "Sasa ndonya utaibandika tena?" anauliza. "Maana amekuwa na tundu."

Somoe anaweka kidole kwenye lile tundu. Machozi yanamshuka na hayapangusi.

"Hivi ndivyo alivyokuwa," anasema. "Mbele za watu alivaa. Akiingia ndani kutulaza alikuwa anaitoa, anaiweka kwenye kikombe. Watu wote walimwona na ndonya. Huyu asiye nayo tulimwona sisi tu, wanawe. Mimi nilikuwa nimemsahau huyu, baba Hamisi. Nilimfinyanga yule wa barazani."

Mvua sasa inanyesha kweli, inaingia jikoni mpaka kwenye mafiga. Somoe haitazami. Anaomba kanga kuukuu, anaufunga mtungi mara mbili, anaanza kukunja ngata ya kichwani. Anataka kufika Magomeni kabla Tabu hajajifungua, ili mtoto anayekuja akute bibi yake nyumbani.

Abeid anamweleza kwamba barabara imekatika, malori hayapiti, kwa miguu ni siku mbili za utelezi, na mtungi huo ukianguka hakuna wa pili. "Ngoja wiki moja tu ikauke," anamsihi.

"Naogopa kuliko wewe," Somoe anamjibu. "Niliogopa ntoni, nimeogopa leo, na njiani nitaogopa. Lakini tumbo la Tabu haliwezi kungoja barabara." Anainama, anapiga goti moja kwenye majivu. "Haya, nitwishe."

Abeid anamtwika.