Mbuzi Waliokula Barabara

Mnicheke tu, nimestahili. Mimi ni fundi wa barabara hapa Likasi. Udongo wetu ni laini mno, kwa hiyo injinia alitaka tuuchanganye na maganda ya mayai yaliyosagwa, uwe mgumu. Nikajigamba kwamba mama mkwe, anayeuza mayai na bukari, ugali wetu, sokoni, angenisagia mfuko mzima.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Nami kwa heshima nimezidi: nilipofika kwake nilitazama vidole vyake vya miguu tu.

"Beba ile mufuko ya karibu na mulango," akasema.

Ilikuwepo miwili. Kuuliza ningelazimika kuinua uso, basi nikabeba mmoja.

Injinia akausugua ule unga mweupe vidoleni. "Très bien!" akausifu. Tukamwaga, tukachanganya, tukashindilia.

Saa saba mchana mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wanalamba barabara. Injinia akawafukuza bure. Mara nikaona mbele yangu miguu ninayoijua vizuri.

"Mukwe, leo inua macho. Maganda iko bado ku mulango, weye ulibeba unga ya muhogo. Sasa pasteur wa kanisa anakuja kula kwangu: tutamupa bukari, ao tutamupa barabara?"