Simu Iliyobaki Kwenye Koti

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kilichonivuta kwake ni vile alivyonirekebisha. Alikuja ofisini kwetu Meru mjini kufuata cheti, nikamwambia akae kwenye kiti yangu. "Kiti changu," akasema polepole, bila kunicheka, kisha akakaa. Mimi ni mtu wa Kianjai, nimelelewa kwa Kimeru. Yeye ni wa Kibugu, kule juu Embu ambako mashamba ya chai yanapakana na msitu, na kwao wanaongea Kiembu. Watu wa mbali hudhani hizo ni lugha moja. Mimi nilikuwa naokota neno hapa na pale tu. Kwa hiyo nyumba yetu ya Kinoru, hapo Meru mjini, ilikuwa nyumba ya Kiswahili: tulitaniana kwacho, tukagombana kwacho, tukamlea binti yetu kwacho, chake kimenyooka, changu kimepinda.

Alikuwa na kisukari tangu utotoni, ile aina ya kujidunga insulini kila siku ya maisha. Miaka ilivyosonga mwili wake uliacha kumwonya. Wengine sukari ikishuka wanatetemeka, wanasikia njaa. Yeye hakusikia kitu. Angekuwa anafundisha, maneno yaanze kumtoka ovyo, na wanafunzi wacheke wakidhani ni mzaha.

Dada yake anayeishi ng'ambo ndiye aliyeanza kutuletea vihisi, akiwapa watu waliokuwa wanasafiri kuja huku. Ni kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono, kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari mchana na usiku. Sisi tulikiita kifungo. Programu ya kampuni iliyokitengeneza ilikataa kuingia kwenye simu yake. Ilisema haitumiki nchini mwetu. Mwalimu mwenzake aliyekuwa anafundisha kompyuta akatafuta nyingine, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea tu, wengi wao wakiwa na ugonjwa huohuo, akamwekea. Ilisoma kifungo vizuri. Ilipiga kengele, ilitamka namba kwa sauti, na kwa mtandao ilinitumia namba hiyo kwenye simu yangu popote nilipokuwa.

Daktari wa kliniki aliitazama programu hiyo. "Hii sikufundishwa," akasema. "Siwezi kukuambia uiache, na siwezi kuapa kwamba ni salama. Usiache kujidunga kidole kupima damu."

Hakuacha. Na kwa muda mrefu tuliishi vizuri kuliko tulivyowahi kuishi. Nilikuwa naweza kukaa ofisini nikafanya kazi, nikatupia simu jicho, nikaendelea.

Kisha baba yake akafariki, tukaenda Kibugu kumzika.

Asubuhi ya mazishi sukari yake ilipanda sana, kwa huzuni na kukosa usingizi, akajidunga insulini, na baadaye akajidunga tena. Ibada ilikuwa uani, chini ya hema. Mchungaji alipokuwa akimwombea marehemu, simu mfukoni mwa mume wangu ikatamka namba kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya mwanamke asiyejali. Vichwa vikageuka. Shangazi mmoja akasonya. Mume wangu akaingiza mkono kwenye koti akaizima sauti.

Kaburi lilikuwa chini kabisa, shamba linapoishia. Jeneza liliposhushwa, wanaume wakaanza kupokezana majembe, na yeye akiwa mtoto wa kwanza akavua koti, akalitundika kwenye uzio karibu na hema, akashuka kurudisha udongo. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Mtu hafukii kaburi la baba yake akiwa amevaa koti.

Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, tunapakua. Mtandao wa kule huja na kuondoka. Nilipofuta mikono nikaangalia simu, namba ilikuwa imepigwa mstari katikati. Programu ile hufanya hivyo inapokosa habari mpya. Maana yake ni kwamba hiyo ni namba ya zamani, usiiamini. Nikafikiri ni mtandao. Lakini nilipochungulia nje nikaliona koti lake pale uani, peke yake. Simu ilikuwa humo, na kifungo hakiifikii simu iliyo mbali. Nikaacha mwiko kwenye sufuria nikaanza kushuka.

Nilikuta watu wamemzunguka. Alikuwa ameketi kwenye udongo, shati limelowa jasho, anagugumia maneno yasiyoeleweka na kumsukuma kila aliyemshika. Wanawake walikuwa wanalia naye. Mchungaji alikuwa amemwekea mkono kichwani.

"Mwache alie, mama," mzee mmoja akaniambia, akinizuia. "Hajalia tangu mzee aende."

"Halii," nikasema. "Ni sukari."

Nilipomfikia macho yake yalikuwa yananipita. Kisha akalala upande, meno yakakazana, na mwili wote ukaanza kurukaruka. Mtu alileta soda akataka kummiminia mdomoni. Nikamsukuma, kwa kuwa ingempalia. Nikaomba asali. Nikampaka ndani ya shavu kwa kidole, nikisugua, huku nikiita gari.

Magari yalikuwa yamebanana kwenye njia nyembamba, moja nyuma ya lingine. La mbele kabisa, lililokuwa limeshageuzwa kuelekea barabarani, lilikuwa ni lile lililoleta jeneza.

"Hilo hapana," shemeji yangu, mdogo wake, akasema. "Shemeji, mtu mzima haingizwi humo. Ngoja tutoe haya mengine."

Wazee wakamuunga mkono. Wengine wakaenda kutafuta madereva waliokuwa wametawanyika shambani. Nikasimama pale naangalia mume wangu anavyotikisika, na watu wenye heshima zao wanabishana. Ndipo mama mkwe wangu akatoka katikati ya wanawake, na leso yake ya maombolezo kichwani. Aliacha kaburi la mumewe likiwa limejaa nusu, akafungua mlango wa nyuma wa lile gari, akapanda, akakaa sakafuni mahali lilipokuwa jeneza, akanyoosha mikono apewe mtoto wake.

Tulimbeba hadi Embu hivyo, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Njiani watu walikuwa wanasimama kando na kuvua kofia.

Hospitalini walimtundikia maji ya sukari, na degedege likatulia, lakini hakuamka. Daktari alitaka kujua sukari imekuwa chini kwa muda gani.

Jibu lilikuja jioni, shemeji alipoleta koti. Nilitoa simu mfukoni nikaiweka kitandani karibu na mkono wake, na kifungo, ambacho huhifadhi vipimo hata simu ikiwa mbali, kikaanza kuipa yote yaliyopita. Ule mchoro uliokuwa na pengo ukajijaza mbele ya macho yetu, nukta baada ya nukta. Ulishuka kuanzia wakati wa hotuba za wajomba. Ukavuka mstari mwekundu majembe yalipoanza. Ukalala chini kabisa, ukakaa huko wakati wote wa maombi, na ubishi, na safari.

"Kumbe ilikuwa inajua," shemeji akasema.

"Kifungo kilijua. Simu ndiyo haikuwepo."

Alikaa kwenye benchi akafunika uso. Hadi leo hatujalizungumza lile gari.

Mume wangu alifumbua macho baada ya siku nyingi. Neno lake la kwanza lilikuwa la Kiembu, "manji". Mama yake akampa maji. Nikafurahi, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba niko hapa. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama muuguzi. Daktari alisema ubongo ulikosa sukari kwa muda mrefu, na kwamba wakati mwingine lugha ya utotoni hurudi na zile za baadaye zikapotea. Tusubiri.

Tulisubiri. Shule ikamstaafisha kwa ugonjwa. Nikaomba uhamisho kuja Embu, tukahamia Kibugu kwa mama yake. Anatembea, anakula mwenyewe, anachuma chai kidogo. Ananijua kwamba mimi ni mkewe. Lakini Kiswahili kimeondoka, na binti yetu akipiga simu kutoka shuleni, anasikiliza kidogo kisha anampa nyanya yake.

Kifungo bado kiko mkononi. Simu sasa naibeba mimi tukiwa pamoja, na mama mkwe ninapokuwa kazini. Amejifunza kusoma mshale unaoonyesha kama sukari inapanda au inashuka. Daktari wa kliniki aliangalia mchoro wa hivi karibuni akasema sukari yake haijawahi kuwa nzuri hivi.

Kiembu najifunza, lakini kinaingia polepole. Juzi tulikuwa tumekaa nje, mama mkwe amepeleka majani ya chai kituoni. Mume wangu alinishika mkono akasema jambo refu, taratibu, akiniangalia usoni. Nililishika neno la kuchoka, na neno la nyumba. Akangoja. Nikaitikia kwa kichwa. Mama mkwe aliporudi nilitaka kumuuliza maana yake, nikashindwa kuyarudia yale maneno.