Cha Mwisho Hakiuzwi

Kabla ya programu ya simu, hesabu ya vitu vya maduka yetu matatu ilisafiri kwa pikipiki, kichwani mwa mtu. Mama alikuwa Wamaza, mdogo wangu wa kiume Kabambare, na mimi Kasongo, mahali penye depo yetu kubwa ya bidhaa. Kila juma dereva wa pikipiki tuliyemzoea alisimama mbele ya duka langu, akafuta vumbi usoni, akamwaga ujumbe wa mama kwa pumzi moja: chumvi imebaki mifuko miwili, sabuni inakaribia kwisha, betri za tochi bado ziko, mke wa mwalimu amejifungua salama, majembe yasitumwe kwanza kwa sababu mvua imechelewa. Chumvi na sabuni niliziandika kwenye daftari, na habari za mke wa mwalimu nikaenda nazo kanisani Jumapili.

Nayakumbuka sana majuma yale. Nilikuwa Kasongo lakini nilijua Wamaza mvua imenyesha lini, nani anaumwa, na wachimbaji wa dhahabu wamepita wakielekea wapi. Dereva hakukosea mara nyingi, na alipokosea alikosea kwa huruma. Mama akiagiza katoni tano za sabuni, yeye alisema saba, eti alipopita mtoni aliona watu wengi wanafua. Nilimgombeza, kisha nikatuma saba, na zote ziliuzwa.

Mama alikuwa na sheria moja iliyozidi sheria zake zote: kitu cha mwisho hakiuzwi. Kiberiti cha mwisho, kipande cha mwisho cha sabuni, mfuko wa mwisho wa chumvi, vyote vilibaki kwenye mbao za duka mpaka vingine vifike. Aliviita mbegu. Mkulima anayekula mbegu yake, alisema, asiilaumu mvua. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi hivi nilimuuzia mpita njia kiberiti cha mwisho. Mama aliporudi kutoka shambani akaona pale mahali patupu, hakunipiga. Alikaza kitenge chake, akamkimbilia yule mtu hadi mtoni, akarudi na kiberiti mkononi. Alikuwa amembadilishia kwa nusu kipande cha sabuni na maneno mengi matamu. Njiti mbili zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Akaketi kwenye kigoda akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka kwa kuwa nimeponea chupuchupu.

Mimi na mdogo wangu, tulipopata maduka yetu, sheria ile tuliiacha. Tuliona ni mambo ya wazee.

Programu aliileta yeye, mdogo wangu. Aliipata kwa rafiki yake, akaiweka kwenye simu zetu tatu. Ukiuza kitu, unagusa jina lake na idadi inashuka. Kikifika sifuri, jina linageuka jekundu, na mimi mwenye depo najua nitume nini na kwa duka lipi. Tulidhani mama itamshinda, kumbe alijifunza upesi kuliko mimi. Rezo, mtandao wa simu, kule Wamaza inapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo kila Jumamosi alipanda na simu yake, ikatuma mauzo ya juma zima, akashuka kwenda kupika.

Mwanzoni aliendelea pia kutuma ujumbe kwa dereva, na hapo ndipo tuligombana. Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba chumvi ya Wamaza imepungua, nikatuma. Kesho yake dereva naye akaja kuniambia chumvi, nikadhani ni nyingine, nikatuma tena. Mzigo wa pili ulinyeshewa njiani, ukafika maji matupu. Hasira zangu ziko karibu, watu wa nyumbani wanajua. Nilimpigia mama akiwa kilimani, nikamwambia asitume tena neno lolote kwa mtu yeyote, programu inaona yenyewe, na yeye anatuvuruga. Akasema sawa, mama, akauliza watoto wangu wamekula nini siku hiyo.

Tangu hapo nikawa mvivu wa kusoma idadi. Nilingoja jekundu. La Kabambare lilikuja na langu likaja, nikatuma, mambo yakaenda. Lakini dereva hakusimama tena mbele ya duka langu. Alipita akinipungia mkono tu, kwa sababu hakuwa na la kuniambia.

Katikati ya masika mdogo wangu alinipigia. Wamaza haisogei, alisema. Karibu juma la nne hakuna kilichouzwa, wala hakuna kilichoisha. Nilifungua simu nikaona ni kweli: chumvi moja, sabuni moja, kiberiti kimoja, sukari moja, mpaka mwisho wa orodha, na hakuna jekundu hata moja. Akasema duka limelala, tulifunge, tumlete mama Kasongo apumzike.

Nilijua duka lile ni nini kwake. Alilianza kwa kikapu cha chumvi kabla hatujazaliwa. Kasongo angekuwa bibi wa kukaa mlangoni kwa mtoto wake, wa kupikiwa na kuulizwa kama amelala vizuri. Wamaza watu walimjia asubuhi kabla hata hajanawa uso. Nilijua hayo yote, moyo uliniuma, na bado nikakubali. Tukapatana kwamba nitakwenda mimi, mtoto wa kwanza, kumwambia.

Nilipanda pikipiki asubuhi. Mimi na dereva tuliisukuma muda mrefu kuliko tulivyoipanda, na tulifika alasiri miguu ikiwa na matope hadi magotini. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Kwenye mbao kulikuwa na kiberiti kimoja, kipande kimoja cha sabuni, pakiti moja ya sukari, kimoja kimoja, vimepangwa kwa kuachana ili mbao zisionekane tupu. Chini ulisimama mfuko mmoja wa chumvi ambao haujafunguliwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Duka halikuwa limelala. Lilikuwa limeuza kila kitu isipokuwa mbegu, nasi tulikuwa tunangoja sifuri ambayo mama hangeifikia maisha yake yote.

Mara akaingia mwanamke na bakuli, akaomba chumvi. Mama akainuka.

"Chumvi itakuya, mama," alimwambia. "Batoto balitaka kutuma, ni miye nilikatala. Nasafisha kwanza duka."

Yule mwanamke akaitikia, akanisalimu, akamsifu mama mbele yangu kwa kuwa na watoto wanaomwangalia. Nilishindwa kuinua macho. Alipotoka nikamuuliza mama kwa nini hakutuambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Si nilimkataza mwenyewe, akasema, na si nilimwambia mashine inaona.

Nilipanda kilimani nikampigia mdogo wangu. Nilimweleza yote. Akasema yeye pia alikuwa ameisahau sheria ya mbegu. Jioni ile akabadilisha programu ili jina la kitu cha Wamaza ligeuke jekundu vikibaki viwili, na siku ya pili mzigo ukafika kutoka Kabambare kwa pikipiki mbili. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya ile ya kwanza, amekumbatia katoni ya sabuni. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja kushusha mifuko bila kupumzika, jambo ambalo si desturi yake.

Tulipokuwa tukipanga, mdogo wangu yuko nje na mizigo, nilimuuliza mama alikuwa anafikiri nini majuma yote yale. Hakuacha kupanga.

"Nilizania munafunga duka yangu polepole," alisema. "Kisha nikasema hapana, ni batoto nililea miye. Mutoto akitaka kufunga duka ya mama yake, anakuya, anaikala chini, anasema kwa kinywa. Basi nilikuwa nafungua kila asubuyi, namungoja mwenye atakuya kusema."

Niliendelea kumpa vipande vya sabuni, kimoja baada ya kingine, naye akavipokea. Maneno ya kufunga duka nilikuwa nimetoka nayo Kasongo, nimeyakariri njia nzima nyuma ya mgongo wa dereva. Mama hajui mpaka leo.