Vilima Viwili vya Orville

Orville Stensrud, seremala mstaafu na jirani yangu hapa Decorah, Iowa, alikuwa na imani moja ambayo hakutaka iguswe: spika mpya haifai mpaka ilainike. Ipige wiki nzima, besi, ile sauti nzito, itatulia. Ushahidi wake ulikuwa masanduku mawili ya spika aliyoyajenga kwa mikono yake. Siku yalipoingia sebuleni yalivuma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Wiki haikuisha, yakatulia yenyewe. Tangu hapo kila mgeni alikalishwa kochini asikilize, na mimi nimekalishwa kuliko wote.

Wajenzi wa spika wa huku kwetu hukutana kila vuli katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri. Mwaka juzi Lowell Aamodt, mjenzi mwenzake na mbishi asiye na dawa, alimkatiza Orville mbele ya wote.

"Spika haibadiliki, mzee. Masikio yako ndiyo yanazoea."

"Mwakani nakuletea michoro miwili ya vipimo, wa siku ya kwanza na wa sasa. Jiandae kuniomba radhi hadharani."

"Lete hata kumi!"

Basi jina la Orville likawa rehani. Vuli iliyofuata aliniita nimsaidie kupima. Sanduku la spika lenye bomba la kupumulia, yaani tundu la kupitisha hewa, ukilipima kwa umeme, huchora vilima viwili na bonde katikati. Mchoro wake wa zamani ulikuwa hivyo hasa. Mpya ulitoa kilima kimoja.

Alibadilisha waya. Kilima kimoja. Akawasha kompyuta upya, akalisogeza sanduku, akaitukana maikrofoni ambayo hata haikuwa imechomekwa.

"Labda bomba limeziba," nikasema. "Sanduku lisilopumua huchora kilima kimoja."

"Bomba langu? Nimelikata mwenyewe, nikalipiga msasa mwenyewe!"

"Sijasema hukulikata. Tia mkono."

Akautia mpaka kwenye kiwiko, akatoka na soksi ya sufu, ya kijivu, imeviringwa kama andazi. Sanduku la pili lilikuwa na mwenzake.

Mkewe, Marlys, alikuwa jikoni akimenya viazi. Hakugeuka.

"Mmezipata," alisema.

"Tangu lini, Marlys?"

"Siku ya tatu. Bwana wee, kichwa kilikuwa kinaniuma mpaka kwenye meno."

"Miaka kumi na moja! Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukwambia jioni ile ile. Ukaingia unacheka peke yako, unasema zimelainika, ukaanza kuwapigia watu simu waje. Sijawahi kukuona umefurahi vile. Ningesemaje?"

Orville akazitoa soksi zote mbili, akapiga wimbo. Vikombe vikaanza tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa tumbo liliniuma kwa kuzuia kicheko.

Angeweza kubaki nyumbani na kusingizia mgongo. Nilimshauri hivyo. Siku ya mkutano alivaa shati la kanisani, tukayabeba masanduku, na Marlys akaja na bakuli lake la viazi na nyama.

Orville alisimama, akabandika michoro ukutani, vilima viwili na kilima kimoja, kisha akaweka soksi mezani.

"Lowell alisema kweli," alisema. "Spika zangu hazikulainika. Mke wangu aliziziba, na nimewadanganya ninyi wote miaka hii bila kujua. Zikiwa na soksi ndipo zinapokuwa nzuri, na huo ujenzi ni wa Marlys."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Lowell alicheka hadi akashika ukuta, akafuta machozi, akaomba aonyeshwe tena soksi. Orville alisimama pale pale, masikio mekundu, akawaacha wacheke.

Ila kwenye birika la kahawa, walikosimama wake wa wajenzi, hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazamana. Lowell akaliona hilo, kicheko kikamkauka.

"Inez," alimwita mkewe. "Na spika za kwetu?"

"Kunywa kahawa yako, Lowell."